Mboga za kwenye ndoo Tanga mjini zinanyongea na kufa: soma dalili kwanza kabla hujanunua dawa

Jani likigeuka njano tu mtu anakimbilia duka la pembejeo, "nipe dawa ya wadudu", anauziwa kichupa, anapiga, wiki inayofuata mmea umekufa kabisa na hela imeshakwenda. Hii kitu inaniuma sana, kwa sababu mboga za kwenye ndoo hapa Tanga mjini, iwe uani Ngamiani, kibarazani Makorora au juu ya zege huko Chumbageni, mara nyingi haziuliwi na wadudu, zinauliwa na kilichopo chini, yaani maji, chumvi, joto na udongo wenyewe, na hapo dawa haisaidii chochote. Kwahiyo nimeandika kwa kufuata dalili, wewe angalia mmea wako una nini alafu shuka mpaka panapokuhusu.

Kabla ya yote fanya hivi, dakika 5 hazifiki. Chomeka kidole kwenye udongo mpaka kiungo cha pili, usiangalie juu tu maana juu panaweza kuwa pakavu na chini ni matope. Inua ndoo uone kama mashimo yapo wazi. Geuza majani uangalie mgongoni kwake. Na angalia ni majani yapi yameanza kuumwa, ya zamani ya huku chini au machanga ya huku juu, hilo la mwisho watu hawaliangalii kabisa na ndo lenye majibu mengi.

Kingo za majani zimekauka, kama zimechomwa na pasi

Hapa nitakaa sana kwasababu ndo tatizo la kwetu watu wa pwani. Ukiona ncha na kingo za jani zinakuwa kahawia na kukauka lakini katikati bado kijani, mmea umedumaa, na juu ya udongo au kwenye mdomo wa ndoo kuna ukoko mweupe mweupe, hiyo ni chumvi. Chumvi ikizidi kwenye udongo mzizi unashindwa kunyonya maji hata kama udongo umelowa chepechepe, ndo maana mtu anasema "mbona namwagilia kila siku na bado linakauka", na anavyozidi kumwagilia maji yaleyale ya chumvi ndo anazidi kuua.

Chumvi inaingilia wapi? Ya kwanza ni maji ya kisima. Visima vingi vya huku karibu na bahari vina maji ya munyu, na yale yanayoletwa na mikokoteni kwenye madumu siku za mgao usiyaamini mpaka umuulize muuzaji ameyachota wapi. Yaonje. Ukisikia munyu kwa ulimi basi ya kunywesha giligilani hayo hayafai, maharage hayafai, vitunguu na pilipili navyo vinaumia mapema. Mchicha na spinachi vinavumilia zaidi, kwahiyo kama huna maji mengine panda hivyo. Ila usichanganye maji ya chumvi na maji magumu, yale ambayo sabuni haitoi povu na sufuria inaganda ukoko, yale ni ya chokaa ya mawe yetu ya matumbawe, madhara yake ni mengine na yanakuja taratibu, nitayasema kwenye njano.

Ya pili ni mchanga wa pwani. Upo bure, ni mweupe, ni mwepesi kuchota, watu wanauchanganya kwenye udongo ili upitishe maji. Usifanye hivyo, una chumvi na una vipande vya magamba ya chaza na kome ambavyo ni chokaa tupu, hata ukiuosha chumvi ikatoka ile chokaa inabaki. Tumia mchanga wa mto.

Ya tatu wengi hawaijui kabisa, makumbi ya nazi. Makumbi ni kitu kizuri sana kwenye ndoo, yanashika maji na yanafanya udongo uwe mwepesi, ila kuna makumbi yaliyofukiwa pwani kwenye matope ya bahari ili yalainike watu watoe usumba wa kusokota kamba, yale yamejaa chumvi. Chukua makumbi ya nazi zilizofuliwa nyumbani au sokoni, yachambue, yaloweke kwenye maji baridi siku mbili tatu huku unabadilisha maji mpaka yasitoke tena na rangi kali ya chai, ndo uyatumie.

Na ya nne inatoka jikoni na kwenye beseni la kufulia. Maji ya kuoshea samaki wa bahari, maji yaliyochemshiwa muhogo wenye chumvi, maji ya kufulia yenye sabuni ya unga, hayo yote usimwage kwenye ndoo ya mboga. Maji ya kuoshea mchele sawa, ya kuoshea mboga sawa.

Kutibu: tafuta maji matamu, ya bomba au ya mvua, umwagie ndoo taratibu mpaka yatoke chini kwa wingi, rudia tena na tena, kadirio ni maji mara mbili ya ujazo wa chombo, ndoo ya lita 20 inataka kama lita 40. Najua ni mengi, ila usiyamwage yote kwa mkupuo, gawa yawe yanapita polepole maana kazi yake ni kuyeyusha chumvi na kutoka nayo chini. Kama mashimo yameziba hujafanya kitu. Alafu baada ya hapo mbolea inakuwa imetoka pia kwahiyo baada ya wiki rudishia samadi kidogo. Masika mvua inakufanyia hii kazi bure, sogeza tu ndoo kwenye wazi. Na kinga pipa chini ya bati jamani, Tanga tunapata zaidi ya milimita 1,000 za mvua kwa mwaka, bati la mita 10 za mraba tu mvua ya milimita 10 inakupa kama lita 100, tunaziacha zinakimbilia mtaroni alafu kaskazi, msimu wa joto, tunanunua madumu. Pipa lifunikwe lakini.

Kingo zikiungua na hakuna ukoko mweupe, jiulize kama uliweka samadi mbichi ya kuku. Ile ni kali, ukisikia harufu ya kukaba pua basi haijaoza. Ikae miezi miwili mitatu kwenye kiroba chenye unyevu ndo itumike. Wa Raskazone na Sahare wanaoangaliana na bahari, kusi ikivuma inarusha rasharasha za maji ya chumvi mpaka kwenye majani, hapo suuza majani asubuhi na maji matamu na weka kizuizi cha makuti upande wa bahari.

Majani yanageuka njano

Njano sio moja. Kama njano imeanzia majani ya zamani ya chini, jani zima linapauka sawasawa, na ya juu bado kijani ila madogo, mmea una njaa ya naitrojeni. Ndoo ni ndogo, kila ukimwagilia chakula kinatoka chini, kwahiyo mboga za majani zinataka kuongezewa kila baada ya wiki mbili tatu. Loweka samadi iliyooza kwenye ndoo ya maji siku chache, chuja, zimua mpaka iwe na rangi ya chai ya rangi, mwagia. Ukitumia urea kumbuka 46% yake ni naitrojeni tupu, kijiko kimoja cha chai kinatosha kuunguza ndoo nzima ukikirundika sehemu moja, yeyusha kidogo sana kwenye maji mengi, na udongo uwe umelowa kabla.

Kama njano imeanzia majani machanga ya juu, na mishipa ya jani imebaki kijani kama ramani, hapo ni chuma kinakosekana, na sio kwamba hakipo kwenye udongo, kipo, ila chokaa imezidi kwahiyo mzizi hauwezi kukichukua. Ndo ule mchanga wa magamba na yale maji magumu. Usiongeze majivu hapo! Majivu yanaongeza uleule ubaya, na watu wanapenda sana kumwaga majivu ya mkaa kwenye kila tatizo. Ongeza mboji nyingi, tumia maji ya mvua, na kama ndoo ilijazwa mchanga wa pwani usihangaike, mwaga uanze upya.

Kama njano ipo kote, majani yamelegea, udongo umelowa na ukiunusa una harufu ya mtaro, mizizi imekosa hewa inaoza. Angalia mashimo. Ndoo ya lita 20 iwe na mashimo 6 au zaidi ya upana wa kidole kidogo, na mengine machache ubavuni karibu na kitako ili hata ikikaa kwenye sakafu maji yapate njia. Kuna hii ya kuweka kokoto chini ya ndoo, kila mtu anafundishwa, haisaidii, maji yanasimama kwenye udongo juu ya kokoto palepale na umepunguza nafasi ya mizizi. Weka kipande cha chandarua chakavu juu ya mashimo udongo usitoke, inatosha. Na usijaze udongo mwekundu mtupu, kwenye ndoo unashindiliana unakuwa tofali. Udongo sehemu 2, samadi iliyooza au mboji sehemu 1, mchanga wa mto au makumbi sehemu 1.

Mmea unanyauka

Ukinyauka saa saba mchana na jioni umeamka, udongo una unyevu, hiyo ni joto, hasa kuanzia Desemba mpaka Machi. Ndoo nyeusi au dumu lililokaa juu ya zege linapata moto mpaka mizizi ya pembeni inaungua, gusa ubavu wa ndoo kwa kiganja, kama wewe huwezi kuvumilia mzizi nao hauwezi. Inyanyue kwenye matofali, ivalishe kiroba cheupe au ipake chokaa kwa nje, na isogeze ipate jua la asubuhi na kivuli kuanzia mchana. Ndoo kadhaa zikikaa zimebanana zinakingana ubavu.

Ukinyauka na udongo mkavu mwagilia, ila udongo uliokauka sana unajitenga na ukuta wa ndoo, maji yanapita pembeni yanatoka chini mbiombio na wewe unadhani umeshiba. Ichovye ndoo ndani ya beseni la maji nusu saa inyonye kutokea chini. Kaskazi kumwagilia asubuhi na jioni sio anasa kwa kopo dogo, ndo maana nyanya nawaambia kabisa usiweke kwenye kopo la lita 5, weka lita 20 mche mmoja.

Sasa kuna mnyauko mwingine, huu uogope. Nyanya, bilinganya au pilipili iliyokuwa nzima inanyauka ghafla ikiwa bado kijani, siku ya pili haiamki, udongo una maji vizuri. Kata shina karibu na udongo, kichomeke kipande kwenye glasi ya maji safi bila kutikisa usubiri dakika chache, ukiona uzi mweupe kama maziwa unashuka kutoka kwenye mkato, ni mnyauko wa bakteria. Hauna dawa, mtu asikudanganye. Ng'oa, mmea peleka takataka usiuweke kwenye mboji, udongo ule usirudishe tena nyanya, bilinganya, pilipili wala viazi mviringo, ndoo osha na jiki uikaushe juani, kisu pia. Ukikata uzi hautoki, fukua mizizi, ikiwa na vinundu vinundu ni minyoo fundo, huo udongo nao utandaze juani kwenye nailoni ukauke kabisa au badilisha tu.

Nyanya inatoa maua yanadondoka, au majani makubwa matunda hakuna

Swali hili linaulizwa kila Januari. Nyanya haipendi usiku wa moto, usiku ukibaki na nyuzi 24 kwenda juu na mchana 32, chavua inakufa na ua linadondoka, na hiyo ndo hali ya hewa ya Tanga kaskazi nzima. Ndo maana nyanya, kabichi na karoti zinatushukia kutoka Lushoto kwenye baridi zinakuja sokoni Mgandini. Sio kwamba huwezi kuvuna nyanya mjini, maana yake upange tarehe, sia Aprili ili maua yaangukie Juni mpaka Agosti kukiwa na kusi na usiku una ubaridi. Kaskazi waachie bamia, bilinganya, nyanya chungu, matembele, mchicha, hizi joto ndo chakula chao. Kama msimu ni sahihi na bado hakuna matunda, basi jua halifiki masaa 6 (uani kwenye kuta ndefu ni kawaida, mmea unakuwa mrefu mwembamba unachungulia juu) au umezidisha samadi. Penye kivuli cha namna hiyo usipigane napo, panda nanaa, vitunguu majani, matembele.

Tunda la nyanya likitoka na doa jeusi lililobonyea kitakoni, huo sio ugonjwa na hauambukizi. Ni kalisi (madini ya kalsiamu) haikufika kwenye tunda kwasababu maji leo yapo kesho hayapo, au chumvi imezidi. Huku kwetu kalisi kwenye udongo ipo ya kutosha, kwahiyo maganda ya mayai unayosaga hayatakuokoa wiki hii, rekebisha umwagiliaji uwe wa kila siku muda uleule na funika udongo na majani makavu.

Majani yanajikunja, yananata, yana vidoti

Hapa ndo wadudu sasa. Yananata na kuna sisimizi wanapanda na kushuka, tafuta vidukari chini ya jani, sisimizi wanawalinda kwa ajili ya ule utamu wanaotoa, ukiua vidukari ukaacha sisimizi wanarudi. Vidoti vyepesi vya njano njano na utando mwembamba kama wa buibui, huyo ni utitiri, anapenda kaskazi na vumbi. Ukitikisa mmea vikaruka vitu vyeupe, ni inzi weupe.

Wote hawa anza na maji, yapige kwa nguvu mgongoni mwa majani asubuhi siku tatu mfululizo. Wakibaki, kijiko kimoja cha chai cha sabuni ya maji kwenye lita 1 ya maji, pulizia jioni jua likishapungua, jaribu jani moja kwanza usubiri kesho yake. Mwarobaini upo kila mtaa hapa, mbegu zilizokaushwa ukazitwanga gramu 50 kwa lita 1 ya maji, zikalala usiku kucha, ukachuja, inafanya kazi kuliko majani yake, ila inavunjwa na jua kwahiyo nayo ni ya jioni. Dawa za dukani kwenye mchicha unaochuma kila siku mimi sikushauri, zina siku za kusubiri kabla ya kula na mchicha wa siku 25 hauna huo muda. Na ukilazimika, soma lebo, sio kuuliza jirani.

Nyanya ambayo majani ya juu yamejikunja kama kikombe, madogo, kingo za njano, na mmea umesimama haukui, hicho ni kirusi kinachobebwa na inzi weupe. Ng'oa mapema uokoe mingine. Na ukiona njia za uwazi uwazi ndani ya majani na matobo kwenye tunda, huyo ni kantangaze (kiwavi wa nondo mdogo), chuma majani yote yenye alama uyafunge kwenye mfuko mweusi uuache juani.

Miche inalala chini ikiwa michanga

Shina limekuwa jembamba na jeusi usawa wa udongo, huo ni kinyausi, unatokana na kumwaga mbegu nyingi mahali pamoja na kulowesha usiku na mchana. Hautibiki kwa ule uliolala. Sia upya kwenye udongo mpya ulioumwagia maji ya moto ukaupoza, tawanya mbegu, mwagilia asubuhi tu. Miche ikikatwa kabisa kama na mkasi au kung'olewa na kulazwa pembeni, hapo hakuna ugonjwa, ni kuku wa jirani au kunguru, funika na nyavu chakavu, wavuvi wa Deep Sea, ufukweni hapa mjini, hawakosi vipande vya kutupa.

Giligilani na mrehani

Giligilani haioti: punje moja ya giligilani ile ina mbegu mbili ndani, ibonyeze ipasuke, loweka usiku mmoja, na iwe mpya, ya kukaangwa haioti. Ikiota vizuri alafu ikatoa maua kabla hujala, ni joto, wala haipendi kuhamishwa, isie hapohapo itakapokua kwenye kivuli chepesi na usie kidogo kidogo kila baada ya wiki mbili. Mrehani ukitoa maua majani yanakuwa madogo na magumu, kata vichwa kila vinapochomoza. Nanaa ipe chombo chake peke yake, ukiichanganya itamaliza wenzake.

Na hivi visahani vya kukinga maji chini ya ndoo, mwaka 2019 homa ya dengi ilitupiga Dar na hapa Tanga, mbu wake anataga kwenye maji kidogo namna hiyohiyo, na yai mpaka mbu kamili ni kama wiki moja hivi. Mwaga na kusugua kila baada ya siku tatu, au jaza mchanga kwenye kisahani maji yasionekane juu, na pipa la mvua lifunge na chandarua.